Akili ya Bandia, Mtaa wa Mkunguni

Jumatatu, 4 Machi 1957
Bi Zamda, mwenye nyumba, katangaza: kibaraza chake cha mbele atakitoa Jumamosi, kwa atakayevuta watu wengi zaidi. Tuko wawili. Mimi, Tarsis, mchuuzi wa sabuni na viberiti, mwenye kichwa. Na Mwinyimvua, muuza kahawa, mwenye birika. Nikikikosa, basi tena. Kaka Gaudens ameshaagiza nirudi Kibosho nikamkatie mbuzi wake majani. Mimi! Mbuzi! Sirudi ng'o.

Jioni Augustino, karani wa Posta, kasema amesoma gazetini kwamba huko Marekani wataalamu wanaunda mashine za kufikiri. Jina lake akili ya bandia. Nikainuka ghafla, nikamwaga kahawa ya Mwinyimvua. Nimepata!

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua sanduku kubwa la chai huko Ilala. Nimelipaka kijani. Ndani nimefunga gurudumu la baiskeli lenye kadi: NDIYO, HAPANA, SUBIRI. Unauliza, unazungusha, kadi inatoka. Bango: AKILI YA BANDIA IPO HAPA.

Wamekuja kina mama wengi sana. Wote wakitaka watoto wa bandia, wenye nywele. Mmoja kauliza kama Akili ndilo jina la mtoto.

Jumatano, 6 Machi
Leo Ghana imejitawala. Kariakoo nzima iko redioni. Hakuna aliyeitazama mashine. Naifurahia Ghana, ila wangengoja hadi Jumapili.

Alhamisi, 7 Machi
Bango jipya: MASHINE YENYE AKILI. Mwinyimvua kaja na wateja wake wote. Akaiuliza mashine kama aliyeiunda ni mpumbavu. Akazungusha. NDIYO. Nikamwambia azungushe tena. NDIYO.

Kisha hotuba. Eti hiyo si akili, ni gurudumu, halijui hata limeulizwa nini. Jina lenyewe lilishakiri: bandia. Nikamjibu kwamba meno ya bandia nayo yanatafuna nyama. Watu wakanikubali. Raha gani! Akasema ndiyo, yanatafuna, lakini utamu hayausikii. Wakamshangilia yeye. Namchukia mtu huyu.

Bi Zamda akakata shauri. Gurudumu halimhusu. Mwenye akili humtambua aliye mbele yake, akamwamkia inavyostahili. Mashine ikimwamkia Jumamosi, kibaraza ni changu.

Ijumaa, 8 Machi
Mashine haiwezi kusema. Mimi naweza. Gurudumu nje, Tarsis ndani! Nimefanya mazoezi magoti yakiwa masikioni. Kanuni ni moja: sanduku likigongwa, shikamoo. Augustino kashauri nitoboe tundu la kuchungulia. Nimekataa. Litaharibu rangi.

Jumamosi, 9 Machi
Mtaa umejaa. Bi Zamda kagonga. Shikamoo! Kwa sauti laini akaitikia marahaba mwanangu. Vigelegele! Akafuata Mzee Sadalla, seremala. Shikamoo! Marahaba. Mle ndani machozi ya furaha yalinitoka. Nilikiona kibaraza changu, rafu zangu, sabuni zimepangwa.

Akagonga mwingine, kwa nguvu. Shikamoo! Hakuitikia. Kiburi gani hiki! Akagonga tena. Nikaongeza heshima: shikamoo mzee wangu!

Akajibu: meee.

Mwinyimvua alikuwa ameleta beberu, naye alikuwa anapiga pembe ubavuni mwa sanduku. Mzee Sadalla alicheka mpaka akakaa chini. Augustino, rafiki yangu, kasema kwa sauti kwamba wiki hii hii Ghana imemtoa beberu, na mimi nimempa shikamoo.

Bi Zamda akafunua sanduku, akanitazama. Akasema amekwishapata jibu. Sandukuni akili haikuwamo, na hata alipoingia mtu haikuingia. Kibaraza kampa Mwinyimvua. Nimelia, sifichi. Mwinyimvua akaniletea kahawa bure, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumatatu, 11 Machi
Kituo cha mabasi, safari ya Moshi. Sanduku naondoka nalo. Utingo kaligonga ajue kama limebeba kitu. Nikasikia mtu anasema shikamoo, kwa adabu kabisa. Kumbe ni mimi, nimesimama pembeni. Utingo mwenyewe ni kijana, hata ndevu hana. Kaitikia marahaba, akaandika kwa chaki juu ya sanduku: TUPU.

Hajui kitu. Nimewaza siku mbili, na sasa kosa nimelijua. Ni rangi. Kijani! Mbuzi akiona kijani anadhani majani, lazima atalifuata. Wala halikuwa jambo la akili.

Kibosho nitalipaka jekundu.