Hundi ya Msafiri Ilivyonivua Nguo

Jamani, sura yangu nimeiacha dirisha namba mbili pale benki, Kilwa Masoko. Atakayepita Jumatatu aniulizie kama bado ipo.

Mnanijua, mimi ni mwalimu wa Biashara. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Kila mwaka nawafundisha kidato cha pili njia za malipo, na mojawapo ni hundi ya msafiri. Msafiri anainunua kwao kabla ya safari, anaweka sahihi ya kwanza. Akifika ugenini anaipeleka benki, anaweka sahihi ya pili, keshia analinganisha, anampa hela za nchi ile. Naifundisha kwa mikogo kweli kweli. Hundi yenyewe sijawahi kuiona hata kwa mbali. (Msinihukumu. Mwalimu wa Jiografia naye anafundisha theluji, na kwao ni Rutamba.)

Leo asubuhi niko uani napara samaki. Jirani yangu Mama Faudhia, mwenye gesti, akapiga hodi.

"Mwalimu, nina mgeni, babu wa Kizungu. Kadi yake ilimezwa na mashine huko Dar. Kesho alfajiri anataka kuwahi basi Nangurukuru, na namdai siku tatu. Kanipa hii. Nimeigeuza juu chini sielewi. Isije ikawa tiketi ya bahati nasibu."

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaishika. Wallahi nusura nilie. Hundi ya msafiri! Yenyewe! Ya dola ishirini, sahihi moja juu, nafasi tupu chini, vilevile ninavyoichora ubaoni. (Mimi naichora kubwa zaidi.)

"Mwambie avae viatu," nikasema. "Benki nampeleka mimi."

"Una hakika, mwalimu?"

"Mama Faudhia! Unamuuliza mvuvi kama anamjua samaki changu?"

Samaki nikawaacha na paka. Nikavaa kitenge cha mahafali. Mgeni mwenyewe anaitwa Mzee Willem, mrefu, mpole, ana hundi tano kwenye bahasha, ukihesabu na ile. Ndani ya bajaji akaanza kwa Kiingereza cha taratibu: "Mwalimu, kule Dar nilijaribu..." Nikamkatiza. Nikamwambia atulie, yuko na mtaalamu. Mbele kidogo akaanza tena: "Lakini kule Dar..." Nikamwonyesha soko.

Benki kumefurika. Wakulima wa ufuta kutoka Mitole wamekuja kufuata malipo yao, foleni imefika mlangoni. Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikaona darasa.

"Ndugu zangu, mnaijua hii?" Nikaiinua juu, nikaanza somo.

Mkulima mmoja mwenye balaghashia akauliza, "Kwa hiyo akiibiwa, mwizi hawezi kuila?"

"Hawezi! Sahihi hazitafanana."

"Basi na sisi ufuta wetu watulipe kwa hizo."

Watu wakaafiki. Nikajisikia nimelijenga taifa.

Wakabaki watu wawili mbele yetu, na leo Jumamosi benki inafunga mapema. Nikaitazama ile nafasi tupu. Mwalimu akiona nafasi tupu kwenye karatasi, mkono unamwasha. Nikampa Mzee Willem kalamu. "Weka sahihi kabisa, tuokoe muda."

Akasita. "Hapa hapa? Kwenye foleni?"

"Mimi ni shahidi," nikamjibu. (Shahidi wa nini, hata sijui.)

Akasaini moja, ameiegemeza kwenye mgongo wangu.

Dirishani, kijana akanyanyua kichwa, uso ukachanua. "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu." Simkumbuki. Akajitaja: Shamte, nilimfundisha kidato cha pili. Nikageuka niitazame foleni, wayaone matunda yangu.

Shamte akaipokea hundi, akaisoma, akaigeuza. "Mwalimu, sahihi hii ya pili ameiweka saa ngapi?"

"Sasa hivi, hapo nyuma. Tusikuchoshe."

Kisha, kwa upole kabisa: "Mwalimu, sahihi ya pili inawekwa wapi?"

Foleni nzima ikasogea karibu. Hata kichanga kilichokuwa kinalia kikageuza shingo kusikiliza.

"Mbele ya... keshia."

"Akiwa anaangalia?"

"Akiwa anaangalia."

"Mwaka ule mimi nilijibu 'popote'. Ukanisimamisha kwa mguu mmoja mpaka kengele."

Aliyasema bila kinyongo, na hilo ndilo lililouma. Nikajikaza. "Haya, hiyo tuiache. Ziko nne nyingine, atasaini mbele yako."

"Nisamehe, mwalimu wangu. Hata akizisaini juu ya meza yangu, sisi hatuzipokei. Zilishaachwa zamani. Mimi mwenyewe leo ndiyo mara ya kwanza kuiona."

Nikamgeukia Mzee Willem. Akainamisha kichwa kwa adabu. "Ndicho nilichotaka kukuambia. Dar nilikwenda benki tatu, zote zilikataa. Lakini wewe ulikuwa na uhakika mno, nikadhani labda Kilwa utaratibu ni mwingine."

Nyuma yangu yule wa balaghashia akapaza sauti: "Keshia! Sisi ule ufuta mtulipe kawaida tu!"

Benki nzima ikaangua kicheko. Askari wa mlangoni aliiegemeza bunduki ukutani ili acheke vizuri.

Aliyetuokoa ni huyo huyo Shamte. Akamuuliza mzee kama kwao ana mtu anayeweza kumtumia hela kwa simu. Mzee akasema ana binti. Akampigia pale pale, nami nikataja namba ya Mama Faudhia. (Kazi pekee niliyoifanya bila kosa leo.) Hatujafika gesti, Mama Faudhia huyo anatukimbilia barabarani, simu juu, ujumbe umeingia, deni limelipika na nauli imebaki. Hakukuwa na sahihi, hakukuwa na shahidi, na mwalimu hakuhitajika.

Mzee Willem akanishukuru. Mimi! Akanikabidhi ile hundi niliyoiharibu. "Ya kuwaonyesha wanafunzi." Nimeipokea. Ningefanyaje?

Mume wangu amenikuta nimejiinamia uani, akauliza kuna nini. Nikamsimulia yote. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana, mke wangu," akainuka taratibu, akaenda nyuma ya nyumba. Ni nusu saa sasa namsikia anakohoa. Mafua hana. Kifua hana. Na ninyi mlio mbali, nawaomba kwa heshima zote: kohoeni huko huko.