Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Makomredi! Enyi mnaodhulumiwa masikio! Najua shajara haina wasikilizaji. Lakini historia husikiliza, hata mlango ukiwa umefungwa.

Adui amejitokeza. Mwanasheria, yule mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu mwenye gitaa jekundu na tabasamu la mtu anayeficha jambo, ameurekodi upya na bendi yake ule wimbo mkongwe wa roki tunaouita Wimbo wa Radi. Bweni zima linaupiga. Wanathubutu kusema umeupita wa asili. Umeupita! Na Ijumaa Chama cha Roki kinachagua mwenyekiti. Kiti changu! Hii si sadfa.

Jumanne, 4 Machi

Nimehutubia mbele ya maktaba dakika arobaini. Nimefafanua kwamba uasili una alama yake, na alama ya wimbo huu ni kikohozi cha ubeti wa tatu. Mwimbaji anakohoa, kisha anaendelea bila kuomba radhi. Huo ndio ukaidi! Hilo ni pafu lililomeza moshi wa viwanda! Mwanasheria hakohoi. Amekifuta, kama wanavyofuta madai yetu ubaoni.

Wasikilizaji sita. Mmoja alikuwa anasubiri mvua ikatike. Mwanasheria akauliza, kwa upole, ni kikohozi gani hicho, mbona yeye hajawahi kukisikia. Upole ule! Nikamjibu kwamba wimbo wa asili sijawahi kuusikiliza kwingine ila kwenye kaseti yangu, wala sitausikiliza. Akatikisa kichwa polepole. Ninayo orodha ya maadui. Nimemwandika.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: shindano la kusikiliza. Kaseti yangu, niliyoitoa kabatini kwa shangazi nikiwa na miaka kumi, dhidi ya rekodi yake. Nyuma ya pazia, pasiwepo wa kujua ipi ni ipi, kisha kura: ipi bora. Amekubali upesi. Mbona upesi?

Nimebadilisha kufuli la sanduku. Kaseti naenda nayo hata bafuni. Mwenzangu wa chumba, anayesomea famasia, ameniuliza kama ninaumwa. Anataka kujua kwa faida ya nani?

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia shangazi. Ni mshonaji, mtu wa kuheshimika. Aje kesho ashuhudie kwamba kaseti ni ya kale. Akauliza kaseti ipi. Nilipomtajia, akacheka mpaka cherehani ikanyamaza. Akasema haya baba, nakuja, tena nitavaa nipendeze.

Kicheko kile sikukipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi umefurika. Kaseti yangu kura thelathini na moja. Mwanasheria thelathini. Asili imeshinda! Nikapanda juu ya meza. Nikaanza kuhutubia juu ya ushindi wa ukweli dhidi ya nakala.

Shangazi akanyoosha mkono. Akasema mwanangu, shuka kwanza, utaanguka. Huyo anayeimba kwenye kaseti yako ni mimi.

Walijirekodi sebuleni kwake. Gitaa alipiga mumewe. Na kikohozi? Cha babu, aliyekuwa kitini pembeni na mafua ya wiki nzima. Walimwomba atoke, akagoma.

Mwanasheria akaupiga wimbo wa asili kwenye simu yake. Ubeti wa tatu ukapita mweupe, safi kama sahani iliyooshwa. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Shangazi akaombwa aimbe, akaimba, wakasimama wote. Mimi nilikuwa bado mezani.

Kura za uenyekiti: Mwanasheria arobaini. Shangazi, ambaye si mgombea wala mwanachama, ishirini. Mimi moja, na niliipiga mwenyewe. Mwenzangu wa chumba aliniapia kwamba yuko nami. Nimemwandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari mpaka chai ikapoa. Sasa naona wazi. Rekodi mbili, kikohozi kimoja. Swali la kisayansi: nani alimwibia nani? Hao wanaoitwa bendi ya asili, wenye jalada la kung'aa, waliipata kaseti ya sebuleni, wakamfuta babu, wakajiita asili!

Shangazi anashikilia kwamba aliusikia wimbo redioni. Ametishwa. Mwanasheria ananionyesha kwamba jalada lao lina tarehe ya miaka kumi na miwili kabla ya kaseti. Tarehe! Tarehe huandikwa na nani? Na wanaoziandika wanamlinda nani?

Basi, makomredi, leo umezaliwa Umoja wa Kurejesha Kikohozi. Tunakutana Jumatatu, saa kumi kamili jioni, chumba cha kufulia nguo, kwa kuwa ukumbi umeshikwa na wasaliti. Kila mmoja aje na koo lake. Mwenzangu wa chumba asiambiwe.