Koili za Mjomba wa Bi Harusi

Jumatatu, 11 Novemba

Itambulike kuanzia leo, mbele ya Mungu na kuku waliokuwepo uani, kwamba mimi Pastory wa Kanoni nimetangaza vita na kofia ya plastiki.

Ni kofia ya distributa ya Corolla yangu. Kazi yake ni moja tu: kufunika kile kinachogawa moto kwenye plagi. Kazi moja! Mvua ikinyesha inaingiza unyevu, moto unapotea, gari linakohoa na kuzima. Leo limezima katikati ya mlima wa kwenda Kamuli, nimepakia mikungu ya ndizi na dada yangu Anonciata. Jirani yangu Mutalemwa akapita na kigari chake, kinanguruma kama mashine ya kusaga. Akanirushia shikamoo dirishani bila hata kupunguza mwendo. Shikamoo gani hiyo? Ni tusi lililovaa tai.

Dada akashuka, akavua viatu, akatembea. Kabla ya kuondoka kanikumbusha kwamba Jumamosi binti yake Kemilembe anaolewa Songambele. Mjomba ndiye wa kumpeleka bi harusi, hilo anajua. Ila mkoko huu usipopona, atampeleka Mutalemwa.

Mutalemwa! Ampeleke mpwa wangu! Labda niwe nimeshazikwa.

Jumanne, 12 Novemba

Fundi Evaristi kaangalia kidogo tu, kasema kofia ina ufa, ninunue nyingine, basi. Basi! Nimemuuliza kama Mutalemwa anatumia kofia. Hajui. Fundi mzima!

Mimi najua. Nimeangalia video kwenye simu. Magari ya kisasa hayana distributa. Kila plagi ina koili yake ya kuipa moto, haisubiri kugawiwa. Kigari cha Mutalemwa hakizimi kwenye mvua, na mlimani kinatoa moshi mweusi kwa nguvu kilizonazo. Hizo ni koili. Mtoto wa chekechea angeona.

Evaristi kasema koili kwenye injini yangu hazitajua zamu ya kuwaka bila sensa ya kuhisi mzunguko wa injini na kompyuta. Distributa ndiyo inayojua zamu. Nimemjibu kwamba koili ni za Kijapani, zitaelewa.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepeleleza. Mutalemwa hanunui mafuta tunaponunua sisi wengine. Jioni anapeleka kigari kwenye mashine ya kusaga ya Speciose, anatoka anapiga mluzi. Hana hata punje ya mahindi! Mke wangu Edith kasema, Baba Dastan, pengine kuna sababu. Sababu ninaijua. Koili hazili mafuta, na Speciose ni mjane.

Nizigiyimana, muuza vyuma chakavu, kanipa seti nzima ya koili. Kachukua baiskeli yangu. Edith kauliza tutaendea nini shambani. Nimeng'oa distributa na kuitumbukiza shimo la choo, nisije nikashawishika kuirudisha. Ililia chubwi. Sijafurahi hivyo tangu Pasaka.

Ijumaa, 15 Novemba

Distributa imeacha tundu kwenye injini. Oili inavuja. Nimeziba kwa gunzi, limekaa vizuri kuliko ile kofia. Koili nimezifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, urithi pekee wa baiskeli yangu.

Nimepiga stata. Kimya. Nimepiga tena. Gunzi limeruka, limempiga jogoo.

Evaristi kaja, katazama, kacheka mpaka akakaa chini. Kasema turudishe distributa. Nimemwonyesha ilipo. Hapo akaacha kucheka, akaniambia pole kwa sauti ya msibani. Huruma hiyo imeniuma kuliko kicheko. Mshenzi.

Jumamosi, 16 Novemba

Kemilembe alikuja kwanza kwenye Corolla. Akakaa kiti cha nyuma, gauni limejaa gari zima, akanisubiri. Nikapiga stata mpaka betri ikafa. Kasema polepole, mjomba, nitachelewa kanisani. Akashuka.

Nimepanda kigari cha Mutalemwa. Nyuma kabisa, na kreti za soda! Dada hakugeuka kunitazama njia nzima. Mlima wa Kamuli tumepanda kwenye mvua bila kukohoa. Nilitamani kizime. Nilikiombea kizime.

Kwa Speciose tukasimama. Mwenyewe katoka na dumu la dizeli ya mashine yake, akakimiminia kigari. Dizeli! Mjane wa watu nilimsingizia bure. Nikaruka chini, nikafungua boneti mbele ya wageni. Hakuna distributa. Hakuna koili! Nimetafuta mpaka suti ikageuka nyeusi. Mutalemwa kauliza, kwa sauti ya kusikika na ukoo wote, mzee wangu, umedondosha nini humo? Wamecheka hadi wapambe. Nizigiyimana naye akatupita, anapiga kengele ya baiskeli yangu.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda ibadani. Nimekaa na koili zangu, nikafikiri kwa hasira, na hasira imenipa akili.

Kigari kile kinapanda mlima bila koili hata moja. Kikifungwa seti nzima si kitaruka? Mutalemwa hajui anachokosa. Nitampa koili zangu, yeye aniachie usukani siku ya kumrudisha Kemilembe kumsalimia mama yake. Dada ataona nani mjomba.

Nimemtuma Evaristi apeleke habari leo leo. Amegoma. Kasema injini ya dizeli haina plagi.