Nani Alipiga Mluzi Mlimani?

Jumatatu, 17 Novemba

Habari kubwa! Kituo cha kuchunguza anga, kile cha juu mlimani, kitampokea mwanafunzi mmoja wa shule yetu kwa wiki nzima. Mmoja tu. Mwalimu Gunvor amesema atakayeleta picha bora ya mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku, kufikia Ijumaa asubuhi ndiye atakayekwenda. Huko kuna kamera inayoona mbingu yote kwa mpigo mmoja. Nimeiota kamera hiyo tangu nilipojua kusoma.

Darasa zima liligeuka kunitazama. Nikaitazama kalamu yangu.

Sina shaka. Vitabu vyote vya maktaba kuhusu upepo wa jua, ule unaoiwasha mianga, nimevimaliza, na kadi ya kuazima ina jina langu tu kuanzia juu hadi chini. Mshindani ni mmoja: Máhtte, mwenye pikipiki ya theluji na kamera ya mjomba wake. Alinisimamisha mlangoni akaniuliza, "Profesa, hivi hiyo mianga niitafute upande gani?" Nikamwambia kaskazini. Akanishukuru kwa dhati. Maskini. Nilikaribia kumwonea huruma.

Jumanne, 18 Novemba

Anga safi. Hakuna mwezi. Mianga ilitokea jioni mapema, Bibi akiwa bado anakoroga sufuria. Nikatoka mbio na kamera, betri nimeipasha moto kwapani kama vitabu vinavyoshauri.

Matokeo: picha nyingi sana za taa ya uani ya jirani yetu, Mzee Heaika. Pia moja ya glavu yangu.

Kijiji hiki kina taa nyingi kuliko watu! Kila mlango una taa, kila banda lina taa, na duka lina taa tatu, moja kwa ajili ya kumulika nyingine. Mianga yangu imetoka kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Mchana nilikuwa nimemlalamikia Mwalimu Gunvor kwamba kijiji hakina giza la kutosha kwa kazi ya kisayansi. Máhtte alikuwa nyuma yangu, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Nikaamua kwenda kumwomba Mzee Heaika azime taa. Nilifika mlangoni kwake. Nikasikia redio. Nikaona huenda anasikiliza jambo la maana. Nikarudi nyumbani.

Bibi, ambaye ndiye ninayeishi naye wakati Baba na Mama wako uwandani na mifugo, alinikumbusha masharti: nisiikodolee macho mianga, nisiipungie kitambaa, nisitoke bila kofia, na zaidi ya yote nisiipigie mluzi. Ikisikia mluzi hushuka ikamchukua mwenye mdomo. Nilimweleza kwa heshima kwamba iko juu mno, na haina masikio. Bibi akasema hata yeye katika umri wangu alijua mambo mengi. Akanivuta kofia hadi kwenye nyusi.

Kwa ajili ya sayansi nilijaribu kupiga mluzi bafuni, bomba likiwa wazi. Nimegundua kwamba sijui kupiga mluzi. Utafiti umeahirishwa.

Jumatano, 19 Novemba

Máhtte ameonyesha picha yake wakati wa mapumziko. Imetikisika, lakini ni ya kijani. Kijani kabisa! Watu wakamsifu. Nikala mkate wangu peke yangu, na haukuwa na ladha.

Kisha habari mbaya zaidi, yaani nzuri. Mlipuko mkubwa umetokea kwenye jua, upande unaotutazama. Kesho itakuwa mianga ya kusimuliwa kwa miaka. Máhtte atapanda pikipiki yake akaenda mbali na taa zote. Mimi siruhusiwi kupita banda la Mzee Heaika. Nimekwisha.

Isipokuwa kama Máhtte hatatoka.

Nikakumbuka. Máhtte hupita juu ya barafu changa ya ziwa huku anaimba, lakini mwaka jana, mwalimu wa michezo alipopuliza filimbi wakati mianga iko juu, alilala chali kwenye theluji, amejiziba mdomo kwa glavu zote mbili. Hakuna mtu anayeogopa mluzi kama Máhtte.

Mpango huu hapa, na nadhani ni wa kipaji. Nieneze habari kwamba mtu amesikika akiipigia mianga mluzi kule mlimani. Mianga imekasirika. Máhtte ajifungie ndani. Mimi nibaki nayo peke yangu.

Nilikwenda dukani, nikamwambia Mama Risten, mwenye duka, wakati ananipimia hamira. Hakunisikia. Nikarudia. Akasema, "Sema kwa sauti, mwanangu, mimi si popo." Nikasema kwa sauti. Duka zima likasikia.

Kufika nyumbani, Bibi alikuwa ameshapigiwa simu. Wapiga mluzi walikuwa wameshakuwa watatu, na mmoja wao kofia yake ilikuwa imepaa. Nilishangaa ubora wa kazi yangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Ilianza tukiwa tunakunywa kahawa. Kwanza uzi mmoja mwembamba wa kijani dirishani. Halafu mbingu yote! Nikaruka, nikanyakua kamera.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Bibi alikuwa ameweka kiti mbele yake, akakaa, akaanza kufuma soksi. Mapazia yote alikuwa ameyashusha, na taa ya nje ameizima, isije ikavuta mianga kwetu.

Nikamwambia ni usiku wa maisha yangu. Akavuta uzi. Nikamwambia habari za kituo, na kamera inayoona mbingu yote. Akaniambia mbingu itakuwepo kesho, na angependa na mimi niwepo. Mwishowe nikakosa njia. Nikaungama. Nikamwambia hakuna aliyepiga mluzi, niliyatunga mwenyewe.

Bibi akahesabu vitanzi vyake vya soksi hadi mwisho wa mstari. Kisha akasema, "Kama ulisikia kweli, hutoki. Kama ulidanganya, ndiyo kabisa hutoki."

Akanimegea kipande cha jibini, akakitumbukiza kwenye kahawa yangu, kama desturi yetu. Sikulia. Jibini lilikuwa na chumvi, basi.

Alipokwenda kuchukua uzi mwingine nilichungulia pembeni mwa pazia. Kijiji kizima kilikuwa giza! Hata taa ya Mzee Heaika, ambayo haijawahi kuzimwa tangu nizaliwe. Hata duka. Na juu yetu kijani, na chini ya kijani wekundu, vikitembea kama mtu anayekunjua blanketi. Nilipiga picha moja. Imetoka pazia.

Ijumaa, 21 Novemba

Niliwasilisha pazia. Mwalimu Gunvor alisema nyuzi zinaonekana vizuri sana.

Máhtte ameshinda.

Nilikuwa nimesahau mama yake. Ni mzaliwa wa Bergen, mji wa mvua kule kusini, ambako watu huogopa kukosa mwavuli tu. Alimwambia mwanawe aache upuuzi, akamsukuma nje, akafunga mlango. Máhtte hakufika hata kwenye pikipiki. Alilala chali uani, mdomo ameuziba kwa glavu moja, na kwa mkono wa pili akaisimika kamera kwenye theluji ikitazama juu. Ndiyo maana imechukua mbingu yote kwa mpigo mmoja. Bila taa hata moja ya kijiji pembeni.

Alinifuata kwenye kabati langu la shule. Alisema, "Profesa, ulisema kijiji kinahitaji giza, ukakizima chote. Sikujua una nguvu hizo. Asante." Hakuwa ananitania. Hilo ndilo lililoniumiza.

Kisha akaniomba nimwandikie maelezo ya picha, kwa sababu upepo wa jua hajui ni nini. Nikakataa. Baadaye nikamwandikia kurasa nne. Alikuwa ameandika "mianga inatoka kaskazini," na nisingeweza kuliacha hivyo.

Jumapili, 23 Novemba

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu naliona waziwazi: mluzi unaogopwa na watu wengi mno. Nilihitaji kitu cha kumwogopesha Máhtte peke yake.

Katikati ya Desemba kuna mvua ya vimondo, na Mwalimu Gunvor amesema kituo huenda kikampokea mwanafunzi wa pili. Kesho nitakwenda tena kununua hamira. Nitamwambia Mama Risten, kwa sauti safari hii, kwamba ni hatari sana kutazama vimondo ukiwa umekula samaki. Máhtte hula samaki kila siku.

Bibi ameniita mezani. Tunakula samaki.

Hilo nitalipangia baadaye.