Nukta Yangu Imezama

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya historia! Ijumaa Mama Meneja atamtaja msimamizi mpya wa sisi wasoma mita za maji. Wagombea wawili: mimi na Rula. Rula si jina lake. Tunamwita hivyo kwa kuwa amenyooka mno, hata chai haonji kabla ya saa ya chai. Usimamizi ni meza, kiti cha kuzunguka, na kuagana na jua. Nina miaka kumi na moja juani. Visigino vyangu ni mashahidi.

Tatizo: ofisi imetuwekea programu kwenye simu. Ukisoma mita ya mtu, nukta ya bluu kwenye ramani lazima ionekane nyumbani kwake. Leo nimesoma mita thelathini na mbili, haki ya Mungu. Nukta ikasema niko sokoni, ng'ambo ya pili ya mji. Mama Meneja akaniuliza kama nilikuwa nasoma mita za nyanya. Rula akacheka kwa adabu. Siwapendi watu wanaocheka kwa adabu.

Jumanne, 5 Machi

Siketi, sisimami. Nimezima simu, nimewasha. Nukta sokoni. Nimeiweka hali ya ndegeni, nimeitoa. Sokoni! Nikaenda kwa fundi wa simu. Akasema setelaiti hazioni chini ya mabati, nitoke mahali peupe, nizime ile hali ya kubana chaji, kisha nichore nane hewani kwa simu ili dira yake izinduke. Nimechora nane katikati ya njia. Nane kumi na tano. Mama mmoja akamshika mwanawe mkono, wakavuka upande wa pili. Lakini nukta ilisogea! Kutoka sokoni hadi makaburini.

Niliporudi kwake, fundi akaitazama simu vizuri, akasema mchawi ni kava. La chuma, linaziziba setelaiti, na sumaku yake inaivuruga dira. Nilivue tu. Nilivue! Kava linalofunga kwa mlio wa mlango wa benki! Hilo ni kava la msimamizi. Nimemwambia ufundi wake unaishia kwenye kubadilisha vioo.

Jumatano, 6 Machi

Kinyozi wangu ana akili kuliko mafundi wote. Amenipa programu ya kuhamisha nukta: unagusa ramani, nukta inakaa ulipogusa. Setelaiti zikae huko huko juu! Nimeketi kwenye kiti chake asubuhi nzima, nimegusa nyumba ishirini na nane. Namba za mita nimekisia. Wateja wangu nawajua, najua nani anaoga na nani ananawa. Mama Meneja ameniandikia kunipongeza kwa kujirekebisha. Rula akaniuliza siri. Nikamwambia ni nidhamu.

Mke wangu, nilipomdokeza tu kuwa nimepata njia ya mkato, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ndiyo maana nafika mapema. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Machi

Ya leo nitayaandika yote.

Leo ilikuwa zamu ya mtaa wa bwawani. Nimekaa kwa kinyozi, nikagusa nyumba ya kwanza. Kidole kilikuwa na mafuta ya nywele, kikateleza. Sikuangalia. Nikaiweka simu kimya, nikafumba macho kidogo tu.

Kumbe nukta imekaa katikati ya bwawa. Ikakaa hapo kwa muda wa saa mbili, haitikisiki. Mama Meneja alinipigia mara kumi na tisa. Kisha akampigia mke wangu.

Mimi niliamshwa na mteja aliyeingia akisema kuna msoma mita amekufa maji. Masikini, Rula! Nakiri nilihuzunika, na katikati ya huzuni nikahesabu wagombea waliobaki. Nikatoka mbio. Nikapenya umati, nikamuuliza jirani yetu marehemu ametolewa au bado. Akanitazama, akapiga yowe, akakaa chini.

Rula alikuwa majini na viatu vyake, anapiga mbizi kunitafuta. Hata kuogelea hajui sawasawa. Mke wangu alikuwa ukingoni, ndala mguu mmoja, sauti imemkauka kwa kuniita. Aliponiona hakunipiga. Alilishika shati langu akaling'ang'ania. Nimeona aibu. Aibu kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Rula ndiye msimamizi. Kwa ushujaa. Wenzetu walipiga makofi, nami nikapiga, ningefanyaje? Mimi nimepewa onyo la mwisho, kwa maandishi: udanganyifu mmoja tena na kazi sina. Watoto wanakula kwa kazi hii.

Kisha Rula, pua bado imeziba, akaomba simu yangu. Akavua kava, akafuta ile programu, akatoka nayo uani. Nukta ikaja miguuni petu. Sekunde nne! Akaniambia pole, kaka. Hiyo pole imenichoma kuliko onyo.

Nimemwapia mke wangu: sidanganyi tena. Simu ilipo ndipo nukta itakapokuwa.

Jumatatu, 11 Machi

Ahadi nimeitimiza! Simu ilipo ndipo nukta ilipo. Ila nimeusoma ule waraka wa onyo mara saba, na hakuna mahali panaposema simu lazima iwe na mimi. Muuza mikate hupita mitaa yangu yote kwa baiskeli, mlango kwa mlango. Nimempa simu, iko kwenye kikapu chake, chini ya mikate, pamoja na karatasi ya namba za kujaza kila anaposimama. Mimi niko nyumbani, miguu juu ya stuli. Nukta inatembea kwa uaminifu kabisa. Hata Rula atanisifu.

Mke wangu ameniuliza swali moja tu: Rula akinipigia, je? Huyu naye kwa wasiwasi! Akipiga, si nitapokea?