Mabuti ya Kanali na Bendera ya Kikosi

Jumatano, 4 Novemba 1931, Paris
Nimekasirika hadi chai imenipalia. Glafira Lvovna, mjane wa kanali wetu, ametangaza: Jumapili, sikukuu ya kikosi, bendera itabebwa na atakayeyavaa mabuti ya marehemu. Mabuti ya enzi ya babu wa babu yake! Ngozi ngumu kama ubao, yanapita magoti, ili farasi wakibanana vitani mguu wa mpandaji usipondwe. Na anayeyataka ni nani? Nikanor Savvich! Vita vizima alikuwa akigawa nyasi za farasi. Nyasi! Mimi nimeikabili mizinga mara tatu. Miaka kumi na moja ugenini, tangu tushindwe vita na kukimbia kwetu. Bendera ile ndiyo nchi yote niliyobakiwa nayo.

Alhamisi, 5
Tumeyajaribu mabuti. Mguu wa Nikanor uliingia kama mkono mfukoni. Mimi nilikwama kisiginoni. Akaniuliza, mbele ya mjane, kama miguu yangu nayo imepandishwa cheo. Mshenzi! Nimedai nafasi ya pili: yakinitosha, mimi ndiye mkubwa wake kwa cheo, bendera ni yangu. Glafira Lvovna akasema haya, Jumapili asubuhi, ila nisimpasulie urithi.

Jumamosi, 7
Miguu ndani ya ndoo ya barafu tangu alfajiri, ili isinyae. Nikanor amepita kuuliza samaki wangu ni wa leo au wa jana.

Jumapili, 8
Yameingia! Kwa sabuni, bila vitambaa vya kuzungushia miguu, lakini yameingia. Mjane akanikabidhi bendera, akalia. Sijapata saa tamu kama ile tangu tuondoke Crimea, pwani ya mwisho ya nchi yetu.

Kisha ngazi za kanisa. Mabuti haya hayakunjiki gotini! Ni ya kukalia farasi. Na miguu, ikishapata joto, ikavimba. Ngazi ya kwanza nilipanda kwa ubavu. Ya pili nikaanguka kama nguzo. Nikanor akaidaka bendera kabla haijagusa tope, akaingia nayo. Kwaya ikaimba. Mimi nje, chali, kama mende!

Mabuti yakagoma kuvulika. Mjane akalia tena, akaamuru yakatwe. Na kisu akashika nani? Nikanor! Alifuata mshono polepole, akinisihi: tulia, Evgraf Platonovich, mimi nimezoea nyasi, miguu sijawahi kukata.

Jumatatu, 9
Vidole rangi ya zambarau. Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la barafu: ilikuwa kidogo. Mjane anasema mwakani bendera ataibeba atakayevaa kofia ya chuma ya marehemu. Nimeiona. Ni ndogo mno.

Nimeshanyoa kichwa.