Nirudishie Mabaki ya Video ya Jémima

Kapata, Alhamisi

Kwa Bwana Guelord, mtoto wa dada yangu, Directeur wa ordinateur, kompyuta ile iliyo sebuleni, mu salon ya mama yake

Bwana Directeur,

Kwa heshima kubwa na hasira kidogo, mi mjomba wako Ngeleka, niliyefanya kazi miaka makumi mbili na saba mu usine, kiwanda cha kuosha mawe ya shaba, nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. Jumapili nilikupa mkononi DVD ya ndoa ya binti yangu Jémima, uigeuze iwe video ya telefone, nimtumie kule Sandoa kwa WhatsApp. Mwezi ujao atazaa mtoto wa kwanza. Miaka nane tumemngojea. Anaomba kitu kimoja tu: asikie tena baraka ambayo mama yake alimpa siku ile. DVD ilikuwa giga ine. Umenirudishia mega mia mbili, ukasema ni ile ile. Guelord! Gunia likiingia usine na kilo mia, likatoka na kilo tano, nani atasema ni lile lile?

2. Nimeangalia. Keki iko. Shangazi zako wanacheza, wako wote. Hotuba yangu iko, ndefu na safi. Halafu, kabla sijamaliza, giza. Baraka haiko. Nikaelewa: imeenda na mabaki.

3. Sasa mabaki yako wapi? Matope tuliyoyaosha zamani hatukuyapoteza, yalikuwa mlima nyuma ya usine, na leo vijana wanayaosha tena kwa sababu shaba ingali ndani. Giga tatu na zaidi haziwezi kuyeyuka hewani. Nionyeshe mahali ordinateur yako inamwaga. Kama ni chini ya meza, nitakuja na koleo.

4. Ulinieleza eti mashine ikibadilisha format inatupa vile ambavyo jicho halivioni. Nani aliiambia mashine kwamba baraka haionekani? Kwetu kulikuwa na mtu wa laboratoire. Kila saa alichota kidogo, akapima kama shaba haiendi na maji. Wewe uliacha mashine inajiendea, ukaenda kuangalia mpira kwa rafiki yako Dodo.

5. Hili ndilo linaniuma kuliko yote. Mama Mbombo, mke wangu, anasema ni mi niliyeagiza akatwe ili hotuba yangu ipate nafasi. Nimeapa mbele yake na mbele ya kwaya yake nzima ya kanisa kwamba ni ordinateur. Tangu Jumanne ananiwekea sahani ya bukari mezani na kuondoka. Jémima anapiga simu kila asubuhi, mama anamwambia inakuja.

Kwa hiyo naomba ordinateur isimamishwe kazi, mabaki yaoshwe upya mbele ya macho yangu, nawe uje umwambie Mama Mbombo kwa mdomo wako kwamba kosa ni lako. La sivyo nitaenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, naye anapenda sana bitu kama hivi.

Wasalimie mama yako, dada yako Mignonne na batoto wote. Hata ordinateur isalimie, maana haijajitetea bado.

Mjomba wako anayekupenda bado,
Ngeleka

N.B. Nimetoka kwa jirani Beya kuangalia DVD yenyewe mu mashine yake ya zamani, nipate ushahidi. Giza iko pale pale. Ninasikika nikisema nakaribia kumaliza, mara ya tatu, kisha mpiga video analalamika kwamba batri inakufa. Nilikuwa nimesema dakika makumi ine na mbili. Nimemwambia Mama Mbombo ukweli wote. Alicheka mpaka akakaa mezani, kisha akaitoa baraka upya, kwa Jémima na kwa mtoto, mi nimeshika telefone na kufunga mdomo. Imefika Sandoa kama ilivyo, usiiguse. Barua hii naituma hivyo hivyo, mi situpi mabaki. Jémima amejibu kwa sauti, analia kwa furaha, na anauliza kama tata, yaani mi baba yake, ni mgonjwa, maana hasikiki.